Karata Zenye Kizibo

Nyumbani kwetu Mtoni, karata zilizowekewa kizibo cha soda juu yake hazikuguswa na mtu. Mwenyewe angeweza kwenda msalani, kupokea simu, hata kutoka nje kugombana na mtu aliyeegesha gari mbele ya geti letu. Akirudi angezikuta vilevile. Kizibo maana yake bado yumo kwenye mchezo. Sheria hiyo aliiweka Baba, kama alivyoziweka nyingine zote, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ingenitia hofu ndani ya nyumba niliyokulia.

Mchezo wenyewe ulikuwa poka. Baba alitoka bara akiwa kijana, akawa karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na huko ndiko alikofundishwa na mabaharia. Alipostaafu akauleta nyumbani. Kila Jumamosi alasiri tulikaa wanne katika chumba cha kulia: Baba, Mama, mimi, na jirani yetu mwenye duka la vitenge, ambaye nilimwita Ami. Ami ni wa familia ya Kiarabu ambayo imekuwa na duka Temeke tangu enzi za babu yake. Alikubali kucheza kwa sharti moja, kwamba pesa isionekane mezani. Mama naye alikuwa mzee wa kanisa, kwa hiyo katika hilo walielewana upesi. Tulichezea kunde. Mchezo ukiisha, kunde zote zilirudi kwenye kopo, na aliyeshinda alibaki na majigambo yake tu.

Asiyejua poka asihangaike. Kila mmoja anapewa karata mbili, anazificha. Nyingine tano zinafunuliwa katikati, ni za wote. Unaunganisha zako na za mezani upate kundi zuri kuliko la wenzako, na huku mnasukuma kunde. Mwenzio akisukuma zake, ama unaweka kama alizoweka na kumwambia "funua," ama unajitoa.

Kwenye kufunua ndipo Baba alipokuwa mkali. Aliyesukuma wa mwisho ndiye aliyefunua kwanza. Alifunua zote mbili, hata kama moja ilitosha. Alifunua kwa mkono wake mwenyewe. Hukuruhusiwa kumsaidia mtu kugeuza karata hata kama mikono yake ilikuwa na mafuta ya sambusa. Ukimwonyesha mmoja pembeni, umewaonyesha wote. Aliyejitoa hakuonyesha na hakuulizwa alikuwa na nini. Nilikuwa nikimcheka kwamba anaendesha kunde kama forodha.

Lakini kosa alilolichukia kuliko yote lilikuwa kumchelewesha mtu. Yaani unajua kabisa umeshinda, hakuna la kufikiria, lakini unakaa unakuna kichwa, unahema, unamwacha mwenzio aingiwe na matumaini, ndipo unafunua. Ami aliwahi kumfanyia hivyo mara moja, kwa utani. Baba hakupiga kelele. Alikunywa chai yake yote bila kumtazama, kisha akamwambia, "Kama unajua, funua. Roho ya mtu haichezewi." Kesho yake Ami alileta sahani ya halua. Wakasameheana, lakini tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu.

Mama alikuwa na bahati yake. Alichukua muda mrefu kila zamu, awe na karata nzuri au mbovu, kwa hiyo hukuweza kujua. Akishika zake, Baba alikuwa akisema twende kwanza tukafue.

Jumamosi ile mimi na Ami tulikuwa tumeshajitoa. Walibaki wao wawili. Mezani palikuwa na tisa mbili, mfalme mmoja, nne moja na mbili moja. Baba alisukuma kunde zake zote katikati kwa mkono mmoja, kama anayefagia makombo, akaegemea kiti na kumtazama Mama. Ilikuwa zamu ya Mama kusema. Akatulia. Akapanga kunde zake mafungu, akayavuruga, akayapanga tena.

Maji yalikuwa hayajatoka mtaani kwetu siku kadhaa. Tukasikia bomba likikoroma nje. Baba akainuka, akaweka kizibo juu ya karata zake. "Maji hayo. Naenda kufungulia tanki. Nikirudi nikukute umeamua, mama."

Tulisikia maji yakigonga chini ya tanki tupu, kisha sauti ikapanda taratibu kadiri lilivyojaa. Kisha likaanza kumwaga. Nikasema, "Mama, linamwaga." Yeye akatabasamu bila kuinua macho. "Mwache. Babako huyo. Anataka niinuke mie, yeye aje achungulie." Ami akacheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu Baba kweli alikuwa mtu wa vituko vya namna hiyo. Tukakaa tukisikiliza maji yakimwagika kwenye sakafu, tukingoja nani atachoka kwanza, hadi yalipopita chini ya mlango wa jikoni. Ndipo nikatoka.

Alikuwa amelala kando ya tanki, mkono wake bado uko kwenye koki. Maji yalikuwa yakimpita mgongoni. Daktari alituambia moyo ulisimama, kwamba pengine hata tungetoka mapema isingesaidia. Hilo neno "pengine" silipendi mpaka leo.

Watu walipokuja kutoa viti na makochi ili mikeka itandikwe kwa ajili ya msiba, Mama alifunga mlango wa chumba cha kulia na kuuweka ufunguo kifuani. Tukamsafirisha Baba bara, tukamzika kwao, tukarudi. Nilidhani tukirudi atasafisha meza. Alifungua mlango, akaitazama, akatandika kitambaa cha kufuma juu ya kila kitu, karata, kunde na kizibo, akaenda kula jikoni akiwa ameketi juu ya ndoo.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Mama hakukaa tena mezani. Hakulala tena chumbani kwao. Alilala kwenye kochi, mlango wa chumba cha kulia ukiwa wazi ili aione meza. Chakula alikigusagusa tu. Presha ikapanda, vidonge vikaongezwa. Kaka yangu, anayeishi Boko, akaandika kwenye grupu la familia kwamba mwisho wa mwezi anakuja kumchukua, atake asitake. Mama kuondoka Mtoni ni kumuua kwa njia nyingine: kanisa lake liko hapa, wenzake wako hapa. Nilijua akipelekwa Boko atakaa kwenye kiti cha plastiki barazani akingoja kufa. Lakini pia nilikuwa namwona akiisha mbele ya macho yangu.

Kaka alipokuja mara ya kwanza baada ya mazishi alitaka kukusanya zile karata. Mama alimshika mkono.

"Kizibo kipo," akasema. "Bado yumo."

"Mama, Baba kafa."

"Najua kafa. Mie ndo nilimvika suti. Nakwambia kizibo kipo."

Mimi ni mwepesi wa hasira, sikatai. Nilifundisha wanafunzi wangu hesabu asubuhi, nikarudi jioni kwenye nyumba ambamo maiti alikuwa bado yumo kwenye mchezo. Nilikuwa nikipita mlango ule haraka. Nilisikia kunde zikigongana chini ya kitambaa. Nilijua ni panya, nikaweka na mtego, na mtego haukunasa kitu. Tanki likijaa usiku nilikaa kitandani nimeshika shuka, nikisubiri sauti ya koki ikifungwa, na hakuna aliyekuwa anaifunga mpaka mimi mwenyewe nitoke. Niliogopa nitamkuta amesimama pale. Wakati mwingine niliogopa sitamkuta.

Asubuhi moja tulikikuta kizibo sakafuni. Kitambaa kilikuwa mahali pake.

"Amekuja kuangalia," Mama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba anazungumzia mtu wa kusoma mita.

"Ni panya, Mama."

"Ni wewe?"

"Si mie. Wewe je?"

Alikiokota, akakipangusa kwa kanga yake, akakirudisha juu ya karata. Siku hiyo sote wawili hatukuaminiana. Jioni, alipokuwa ameenda kwenye jumuiya, niliinua pembe ya kitambaa. Nilitaka tu kujua kama Baba alikuwa anadanganya au alikuwa nazo kweli. Niliona kama nikijua, kitu fulani kitakwisha. Niliingiza ukucha chini ya karata ya juu, na papo hapo bomba likakoroma nje. Nilikimbia mpaka getini. Nikasimama pale kama mjinga, mwalimu mzima, hadi Mama aliporudi.

Ni Ami aliyekuja kuumaliza mchezo. Kaka alikuwa amempigia simu kumwomba azungumze na Mama kabla hajafika na gari. Alikuja Jumamosi baada ya sala ya alasiri, akaingia moja kwa moja chumba cha kulia, akakaa kwenye kiti chake cha zamani. Mimi nikakaa kwenye changu. Mama alisimama mlangoni muda mrefu, kisha naye akaja akakaa. Hakuna aliyetazama kiti cha nne.

Ami akakunja kitambaa taratibu. Kunde zilikuwa na vumbi, lakini kila kitu kilikuwa palepale.

"Shemeji," akasema, "sikuja kukuondoa. Nimekuja kucheza. Zamu ni yako."

"Nikisema afunue," Mama akauliza, "nani atafunua?"

"Hakuna. Sheria unaijua. Karata za mtu hufunuliwa kwa mkono wake."

"Kwa hiyo hata nikimwita, haji."

"Haji, Shemeji."

Mama akaanza kupanga kunde zake mafungu. Ami, kwa wema tu, akaongeza, "Ila na yeye usimweke hivi. Yule bwana alikuwa hapendi kucheleweshwa."

Niliona uso wa Mama ukibadilika. Sikuelewa kwa nini. Akazichukua karata zake mbili bila kuzitazama, akazitelezesha kifudifudi hadi katikati ya meza.

"Nimejitoa," akasema. "Mpeni."

Ami akakusanya kunde zote za katikati kwa viganja viwili, akazisukuma hadi mbele ya kiti cha Baba. Alifanya kwa adabu, bila haraka, kama ambavyo angefanya Baba akiwa ameketi pale. Kisha akatoa kizibo juu ya karata, akanipa mimi. Adhana ya magharibi ilipokaribia, akaaga. Mama alimsindikiza hadi mlangoni akarudi kukaa.

"Kusanya," akaniambia. "Za babako usiangalie."

Nilizichukua karata za Baba zikiwa kifudifudi, nikaziingiza katikati ya pakiti, nikachanganya. Sikuziona, na sitaziona. Nilipofika kwenye za Mama nikataka kufanya vilevile, akanizuia.

"Zangu funua."

"Aliyejitoa haonyeshi, Mama."

"Funua, nimesema."

Nikazigeuza. Zilikuwa tisa mbili. Pamoja na zile mbili za mezani zilikuwa tisa nne. Nilizitazama, nikahesabu upya kama mtoto wa darasa la kwanza, ingawa nilijua hesabu hiyo tangu zilipogeuka. Hakukuwa na karata mbili ambazo Baba angeweza kuwa nazo zikazishinda hizo. Mama alikuwa ameshashinda kabla Baba hajasukuma kunde zake. Hakuwa na jambo lolote la kufikiria.

"Nilitaka ahangaike kidogo," akasema. "Alivyozisukuma kwa kiburi vile. Nikasema ngoja nimuweke, nimuone. Nilikuwa namcheka moyoni."

Nilitaka kumwambia kwamba maji yangetoka vilevile, kwamba Baba angeinuka vilevile, kwamba daktari alisema. Nilimshika mkono tu. Alilia pale mezani, kwa mara ya kwanza tangu msiba, na mimi nikalia naye, na hasira yangu yote ya miezi ile sikujua imekwenda wapi.

Kesho yake alimwaga kunde za Baba kwenye ungo. Nyingi zilikuwa zimebunguliwa. Tulichambua, nzuri tukazichemsha na nazi, na Mama akapakua mezani. Kaka alipofika na gari alimkuta anakula, akakaribishwa naye akala. Akarudi Boko peke yake.

Siku chache baadaye tulikuwa mezani tena, sahani ziko mbele yetu, bomba likakoroma nje. Nilishtuka, kama ninavyoshtuka mpaka sasa. Nikaanza kusogeza kiti. Lakini Mama alikuwa ameshainuka. Alikimbia, mwanamke wa presha na miguu mibovu, kijiko bado kiko mkononi, na alikuwa kwenye koki kabla tone la kwanza halijafika ndani ya tanki. Akasimama pale hadi lilipojaa.