Maneno Matamu ya Mazishini

Wasomaji huniuliza maneno ya mapenzi katika riwaya zangu nayatoa wapi. Nayatoa mazishini. Wanaume wa huku kwetu Thika hawasemi "nakupenda" mpaka mke awe ndani ya jeneza, na hapo ukiwapa maikrofoni hawanyamazi.

Baba alimwita mama "wewe" maisha yao yote. Siku tuliyomzika, chini ya hema nje ya nyumba yetu Ngoingwa, alisema kila alfajiri alikuwa akiamka mapema ili amtazame akiwa bado amelala. Mama hakuwahi kuambiwa. Nilikasirika hadi nikashindwa kulia. Maneno hayo nikampa mwanaume wa riwaya yangu.

Kitabu kilipendwa. Wanawake bado wananiuliza mume kama huyo anapatikana wapi. Nawajibu: mnaye nyumbani. Anangoja mfe kwanza.