Kwa Nini Mtoto Alifunikwa Nilipoingia

Mtu akifunika chakula ninapoingia kwake, mimi hugeuka nikaenda zangu. Watoto wangu hunicheka, wanasema ni nzi tu wanaozuiwa. Labda. Lakini nimefunikiwa vitu tangu utotoni, na kitambaa cha nzi nakijua.

Nilizaliwa na makengeza. Jicho la kulia lilikutazama wewe, la kushoto likajitazamia pua yangu. Kitale, tulikoishi mtaa wa Kibomet kwa kuwa baba alikuwa karani wa ghala la mahindi, watoto walinitania tu. Kwa nyanya yangu mzaa baba, kule Bungoma, hakukuwa na utani. Tulimwita kukhu, na kukhu aliamini kuwa wako watu wenye jicho baya, ambao wakimtazama mtoto mchanga au mtu anayekula, tumbo humsokota. Mama alipokwenda kujifungulia huko, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nilikuwa wa umri wa kuanza shule. Ndugu yangu alizaliwa mnene na mwenye kelele. Nilimwona unyayo mmoja tu.

"Funika mutoto!" kukhu alimwambia mama kila nilipochungulia mlangoni. "Huyu anaangaria mahari mbiri. Si unaona?"

Mama alifunika. Hakubisha, na hilo liliniuma kuliko maneno ya kukhu. Siku moja mtoto alilia kutwa, kukhu akamkanda tumbo kwa samli, akatoa vipande vya majani na kutuonyesha, ati ndivyo vilivyoingia kwa macho yangu. Majani yale nilikuwa nimeyaona mkononi mwake kabla hajaanza kukanda. Niliyaona kwa jicho zima. Lakini nani angemsadiki mtoto wa makengeza?

Tuliporudi Kitale baba, ambaye hakutaka kusikia habari za jicho baya, alinipeleka kwa daktari. Alikuwa mzungu mzee mwenye Kiswahili cha kwenye mashamba ya wazungu. Alinitia matone yaliyoufanya mchana uwe mkali, akasogea karibu hadi nikanusa kiko chake, akanimulika kwa kurunzi ndogo. Aliniziba la kulia, nikamwambia sioni. Alitazama la kulia, akatazama la kushoto, akarudia tena na tena. Nilidhani anatafuta majani.

"Ndani iko mzuri kabisa," alimwambia baba. Akamchorea jicho kwenye karatasi na kumwonyesha kwamba kule nyuma kuna utando mwembamba unaopokea mwanga, na kwamba utando wa jicho langu bovu ulikuwa sawasawa na wa jicho zima. Hakuna kovu, hakuna kidonda. "Macho hii iko vivu tu. Kichwa yake nakataa kusikia hii macho."

Baba alinitazama vibaya. Tulipofika kwetu akaniuliza:

"Kama jicho ni zima, kwa nini unasema huoni?"

Ndivyo nilivyojikuta mchawi Bungoma na mwongo Kitale, bila kubadili jicho. Baba alichukua ungo, akachanganya maharagwe na vijiwe, akaniziba jicho la kulia kwa kiganja chake na kuniamuru nichambue. Nilichambua kwa bidii. Alipoondoa mkono niliona nilivyofanya: vijiwe vingi vilikuwa upande wa maharagwe, kana kwamba nimewaandalia chakula cha jioni. Baba aliketi akaushika ungo muda mrefu. Sikuwahi kumpenda kama siku ile, kwa sababu aliniamini.

Dawa yenyewe ilikuwa ya ajabu. Jicho zima ndilo lililofungwa kitambaa, mchana kutwa, ili lile bovu lilazimike kufanya kazi. Daktari alikuwa amemwonya baba: nikishakua, jicho halitafundishika tena. Basi nikawa najigonga kwenye viti, namwita jirani mama, namwagia chai meza. Jioni baba aliniletea ungo. Miezi ilipita, na vijiwe kwenye maharagwe vikaanza kupungua. Kwa mbali, kama kupitia moshi wa kuni mbichi, niliona maharagwe mengine yana madoa. Baba aliita majirani waje kutazama.

Mtoto alipoanza kukaa, mama alitupeleka Bungoma, baba akabaki kazini. Kukhu aliona kitambaa, akauliza. Mama akamweleza kuwa jicho la kushoto halioni. Kukhu hakuwa mtu wa kuamini jambo la kuambiwa. Alinisimamisha uani, akahakikisha kitambaa kimekaza, akashika kitu mbele yangu.

"Hii ni nini?"

"Sioni kitu, kukhu."

Ilikuwa sindano, nyembamba mno kwa jicho lililokuwa likianza tu kuona. Akaibadilisha kwa punje ya mtama, akabadilisha tena. Mwishowe akacheka, cheko ambalo sikuwahi kulisikia kwake, akapiga makofi. "Kumbe harioni! Bana, jicho harioni ritakura nani?"

Akaingia ndani, akamtoa ndugu yangu akiwa uso wazi, akanikalisha chini, akanipa. Alikuwa mzito na alinuka maziwa. Alinishika kitambaa akakivuta, akacheka, nami nikacheka.

Hapo ndipo kukhu alipokitazama kitambaa vizuri. "Na hii mumefunga ya nini upande ya mazuri?"

"Ni ya kufundisha lile lingine lione," mama alisema.

Kukhu aliacha kucheka. Alimtazama mama, akamtazama mtoto aliyekuwa mapajani mwangu.

"Rimerara," alisema polepole. "Munariamusha ya nini?"

Mama alisimama. Nilidhani atamjibu, maana alikuwa ameona ungo wa kila jioni na kumsikia baba akiita majirani. Akanijia nyuma, akafungua fundo, akakitia kitambaa kifuani mwake. Baba alikuja mwisho wa mwezi, wakazozana nyuma ya nyumba, akarudi Kitale peke yake. Sisi tulibaki Bungoma mpaka nikapita umri wa jicho kufundishika.

Hakuna aliyeniuliza nataka nini. Na wangeniuliza siku ile, nimempakata ndugu yangu na hakuna anayemfunika, ningewaambia waliache lilale.