Loretta arudi kusomea mifupa aliyokwisha kuisoma

Saa moja kasoro asubuhi, Loretta Kovalchik anamgeuza kitandani mzee wa kilo mia moja. Mkono mmoja begani, mwingine kiunoni, anavuta pumzi, kisha anavuta shuka. Mgongo unamuuma.

"Samahani, baba," anamwambia mzee. "Tumalize hili, kahawa inakuja."

Huyu ni wa nne tangu aingie zamu. Bado saba.

Loretta, 46, ni muuguzi msaidizi katika makao ya wazee kwenye bonde la makaa ya mawe, Pennsylvania. Ana miaka kumi na tisa kazini, na analipwa dola 17.40 kwa saa. Muuguzi kamili, anayesukuma kigari cha dawa kwenye korido hiyohiyo, anaanzia dola 34. Kinachowatenganisha ni stashahada ya miaka miwili ya chuo cha kaunti.

Chuo hicho kimempa nafasi. Anatakiwa kujibu kabla ya Ijumaa, saa sita mchana. Asipojibu, nafasi itachukuliwa na mwingine aliye kwenye foleni, na foleni ni ndefu.

Alishawahi kujaribu. Mwaka 2016 alifaulu anatomia kwa alama za juu, kisha mumewe, Vern, akaumia mgongo kazini na masomo yakaishia hapo. Wiki iliyopita mshauri wa chuo alimweleza kwamba somo la sayansi likipita miaka saba halihesabiwi tena. Lazima alirudie kiangazi hiki, na alilipie upya.

"Nikamuuliza, mwanangu, tangu mwaka ule binadamu kaongezewa mfupa gani?" anasimulia Loretta. "Akacheka. Lakini kurudia narudia."

Wakati wa chakula cha mchana anaketi na Opal Dietz, mwenzake wa zamu, anayekula viazi vya jana.

"Mimi stashahada ninayo," anasema Opal. "Ya masomo ya jumla. Nimeitundika ukutani, inaziba ufa."

Opal naye analipwa dola 17.40.

"Yangu itakuwa ya uuguzi," anajibu Loretta.

"Basi nenda, dada. Ila ukishakuwa bosi usije kunifokea mbele za watu, nitakukumbusha nani alikufundisha kutandika."

Loretta amepiga hesabu yake nyuma ya bahasha ya bili ya umeme. Ada na vitabu, dola 11,200. Akipunguza saa za kazi kutoka arobaini hadi ishirini na nne, kwa miaka miwili atakosa karibu dola 29,000. Jumla ni kama elfu arobaini. Akishahitimu, nyongeza ya mshahara itazirudisha kwa miezi kumi na minne hivi.

"Hesabu inasema nenda," anasema. "Mwili unasema kaa chini, mama, umechoka."

Kikwazo kikubwa hakimo kwenye bahasha. Mfanyakazi akishuka chini ya saa thelathini kwa wiki, anapoteza bima ya afya. Vern ana kisukari, na insulini yake inatoka kwenye bima hiyo. Loretta amekuwa akiliwaza jambo hilo usiku na mchana, na kwa kweli linamtisha.

Alhamisi saa tisa alasiri, zamu ikiisha, anakwenda ofisi ya msimamizi badala ya kwenda nyumbani. Anaomba zamu ambazo hakuna anayezitaka: Jumamosi kwa muda wa saa kumi na mbili, Jumapili saa kumi na mbili nyingine, na Jumatano jioni kwa muda wa saa sita. Zikijumlishwa ni saa thelathini kamili kwa wiki, na bima inabaki.

Msimamizi anamtazama. "Una hakika? Hutakuwa na siku ya kupumzika."

"Nimeshazijumlisha mara tatu," anajibu Loretta.

Nyumbani, Vern amepasha supu. Anamsikiliza mkewe mpaka mwisho, kijiko mkononi, bila kumkatiza.

"Kwa hiyo kazi wikiendi, darasa katikati, na mimi huku," anasema. "Sasa wewe mwenzangu utalala lini?"

Loretta anavua viatu na kuvuta simu aandike jibu la chuo. Anamwambia kwamba atahitimu akiwa na miaka arobaini na tisa.

"Nitalala nikifika hamsini."