Hatua Sita za Kumenya Ndizi

Nilikulia Maruku bila kumenya ndizi hata moja. Nilikata mikungu shambani, nikaibeba kichwani hadi nyumbani, na ndizi nimezila karibu kila siku ya maisha yangu. Kumenya ilikuwa kazi ya mama na dada zangu. Mvulana aliyeonekana jikoni na kisu aliulizwa kama anangoja kuolewa. Nalitaja jambo hili mwanzoni kwa sababu pale lilipotakiwa kutajwa nilikaa kimya.

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, nasomea ualimu wa elimu maalumu, upande wa watoto wenye ulemavu wa akili. Kwa mazoezi ya kufundisha nilipangiwa shule moja ya msingi huko Ngenge, wilaya ya Muleba, kwa wiki nane. Nilipita Bukoba mjini nikanunua ndoo, godoro jembamba na madaftari matatu ya jalada gumu. Nikashuka Muleba, nikamalizia safari kwa bodaboda, godoro likiwa limekunjwa kati yangu na dereva.

Kitengo chetu cha elimu maalumu kilikuwa chumba kimoja mwishoni mwa madarasa, jirani na vyoo. Kulikuwa na watoto kumi na mmoja na mwalimu mmoja, mama wa makamo aliyekuwa amefanya kazi hapo miaka mingi. Walimu wengine walikuwa watu wema. Walinikaribisha chai ofisini, lakini mazungumzo yao yalikuwa ya mitihani ya darasa la saba, na sisi hatukuwa na mtoto wa kufanya mtihani. Baada ya wiki moja nikawa nakunywia chai kitengoni, nimesimama dirishani.

Nilipanga chumba uani kwa mama mmoja mwenye mbuzi. Nyumba za huko kila moja imejificha ndani ya migomba yake. Jioni unasikia watu wakicheka na sahani zikigongana, lakini huwaoni. Nilipika wali, kwa kuwa wali hauhitaji kisu. Nikikosa wa kuzungumza naye niliandika daftarini: mvua imeanza saa ngapi, nani amepita, amebeba nini. Jumatatu moja nilirudi nyuma nikahesabu. Tangu nilipotoka shule Ijumaa nilikuwa nimesalimia watu wanne na kuomba chumvi mara moja. Sikuwa nimesema neno lingine.

Kila mwanachuo alitakiwa kuchagua mtoto mmoja, amwandikie mpango wake peke yake na kumfuatilia hadi mwisho. Mimi sikuchagua. Siku ya tatu bibi mmoja alimleta mjukuu wake, msichana wa miaka kama kumi na mitatu, mrefu, mkimya, aliyependa kukaa karibu na mlango. Kwa kawaida bibi alimwacha hapo akaondoka. Siku hiyo alibaki.

"Mwalimu, waitu," aliniambia kwa heshima ya Kihaya, "huyu ana miaka mitano hapa. Leo herufi a anaijua, kesho haijui. Simlaumu mtu. Lakini mimi nikifa, herufi a itammenyea ndizi?"

Akaeleza kwamba kila asubuhi anaacha palizi, anatembea naye mwendo mrefu, kisha mchana anarudi kumchukua. Amechoka. Atanipa wiki zangu nane. Nikiondoka bila kitu cha kuonekana mikononi mwa mtoto, atakaa naye nyumbani. Mwalimu wa kitengo alinisimulia baadaye habari za watoto waliowahi kubaki nyumbani. Hakuna aliyerudi. Mmoja humwona kila akienda gulioni, ameketi penye ukuta uleule, mkubwa sasa.

Basi somo la mtoto wangu likawa kumenya ndizi. Chuoni mkufunzi wetu alitufundisha kwamba kazi yoyote lazima ivunjwe vipande vidogo kabla ya kumfundisha mtoto wa namna hii. Nilikaa jioni moja nikaandika hatua sita kwa mwandiko wangu bora: ashike ndizi, akate kichwa, akate mkia, aingize kisu chini ya ganda, avute, aweke ndizi majini. Nilipiga mstari chini. Mwalimu wa kitengo alisoma, akanirudishia karatasi.

Msichana alishika ndizi. Kwa kushikwa mkono alikata kichwa, akakata mkia, akaingiza kisu. Ukanda mmoja wa ganda ulitoka. Hapo alisimama, akanitazama. Nilimwambia avute tena, akavuta palepale, kisu kikazama kwenye nyama ya ndizi. Ikawa hivyo kesho yake, na siku iliyofuata. Wiki mbili nzima niliandika neno moja daftarini: hakufaulu. Nilianza kujiandaa namna ya kumweleza bibi, kwamba watoto hutofautiana.

Siku moja, watoto wakiwa nje, mwalimu wa kitengo alikuwa anafungia kisu chetu kwenye kopo. Aliniuliza bila kugeuka.

"Mwalimu, wewe umewahi kumenya ndizi?"

Nilimjibu kwamba nimeona zikimenywa.

Alicheka hadi akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Nilijua," akasema. "Hatua zako ni za mtu aliyekuwa anangoja chakula."

Nilimwomba anifundishe. Akasema akinifundisha itakuwa kwa mdomo tu na mimi nitaishia kuandika tena; afadhali niende nikamenye mwenyewe.

Jioni hiyo nilinunua kisu kidogo na chane mbili za ndizi. Muuzaji aliuliza nani atanimenyea, nikamwambia yupo mtu. Nilifunga mlango, nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ndizi ya kwanza ilibaki nyembamba kama kidole. Utomvu ulininata vidoleni ukawa mweusi, na sabuni haikuutoa. Nilizipika zote, nikala peke yangu sufuria ambayo kwetu ingetosha watu watano, na nyingine nikazila baridi asubuhi.

Mama mwenye nyumba aliyaona maganda.

"Mwalimu, umeoa lini?" aliuliza mbele ya wanawe. "Harusi hatukualikwa."

Nilisema ni kazi ya shule. Akataka kujua ni shule gani inayofundisha wanaume kumenya. Kesho yake, nikiwa ndani nimejifungia, nilimsikia kutoka uani: "Na unakata nene. Unanilishia mbuzi." Ilikuwa siku ya pili mfululizo kusemeshwa pale nyumbani, nikaandika.

Jioni ya tatu niliona kosa langu. Nilikuwa nimeweka kisu ili nipumzishe kidole, na mkono wangu wa kushoto ukaendelea kuizungusha ndizi wenyewe, kidogo kidogo, ukiutafuta upande wenye ganda. Nikatazama. Mkono wa kulia hushika kisu tu, ukienda na kurudi njia ileile. Anayemenya ni wa kushoto. Kwa miaka yote niliyokaa kwenye mlango wa jiko la mama nilikuwa nimetazama kisu, kwa kuwa ndicho kinachong'aa, na hatua zangu sita zilikuwa habari za kisu.

Msichana hakuwa ameshindwa kitu. Alishika ndizi kama nilivyoagiza, akaishika kwa nguvu zake zote, akangoja. Hakuna mahali nilipoandika aizungushe.

Nilifungua daftari nikafuta kila "hakufaulu", nikaandika "mwalimu hakuandika". Nilitamani kumwonyesha mtu usiku uleule. Uani mbuzi walikuwa wanatafuna maganda.

Orodha mpya ilikuwa na hatua kumi na saba. Sasa tulianza kutoka mwisho, kama mkufunzi alivyofundisha na mimi nilivyopuuza: nilifanya hatua kumi na sita, yeye akafanya moja, kuidondosha ndizi kwenye ndoo ya maji. Iliposema chubwi alicheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Tulidondosha ndizi siku tatu. Kisha akavuta ukanda wa mwisho na kudondosha. Kisha akazungusha, akavuta, akadondosha. Kuzungusha kulichukua wiki mbili. Niliweka vidole vyangu juu ya vyake, vyote vyeusi kwa utomvu.

Ijumaa ya mwisho bibi aliitwa. Msichana hakumenya ndizi nzima. Vichwa nilikata mimi, ukanda wa kwanza nilitoa mimi. Kuanzia hapo aliendelea peke yake, polepole sana. Bibi hakutazama kisu. Alitazama mkono wa kushoto.

"Nani kamfundisha huu mkono?"

Mwalimu wa kitengo alinionyesha kwa kidevu.

"Huyu? Mwanamume?"

"Huyu huyu. Mtazame vidole."

Bibi akavitazama. Aliinama, akaitoa ndizi majini, akaigeuza. Mwishoni ulibaki uzi wa ganda la kijani. Akairudisha ndizi ndani ya ndoo na uzi wake. Kisha akamshika mjukuu wake mkono wakaondoka. Hakusema kama Jumatatu atamleta tena, na mimi Jumatatu sikuwa na ruhusa ya kuwepo. Wiki zangu nane zilikuwa zimekwisha.

Jumapili nilifika nyumbani Maruku kupumzika kabla ya kurudi chuoni. Jumatatu sikuondoka mbele ya nyumba; niliiweka simu gotini. Karibu saa sita ujumbe wa mwalimu wa kitengo uliingia: "Kaja. Kaja na kisu chake, bibi kakifunga kwenye jani la mgomba."

Niliusoma mara kadhaa. Nikainuka, nikaenda jikoni. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, ndizi mapajani, anamenya bila kutazama. Nilisimama mlangoni nikifuata mkono wake wa kushoto. Hatua mbili kati ya zangu kumi na saba alikuwa anaziruka.

Bila kuinua kichwa, aliniuliza natafuta nini jikoni.

Nikasema nimekuja kunywa maji.