Unywele Ndani ya Mkate

Unywele wenyewe ulikuwa mrefu kuliko kidole changu cha kati, mweusi, umenyooshwa kwa dawa, na ulikuwa umeokwa pamoja na mkate. Mwenye duka mmoja aliukuta wakati anakata kipande cha kunywea chai. Akaurudisha mkate kiwandani, akauweka juu ya meza ya bosi na kusema hachukui tena hata trei moja mpaka ajue mwenye unywele ni nani. Bosi wetu si mtu wa maneno mengi. Alizima mashine ya kukandia, akatupanga mstari mbele ya tanuri, akatangaza kwamba kila mtu atavua kofia na nywele zitalinganishwa. Mwenye unywele ule angeondoka leo hii hii, hakuna cha samahani.

Nilimtazama wifi yangu. Alikuwa amesimama karibu na mashine yake, unga umemjaa mikononi mpaka viwikoni, macho yamemtoka. Katika watu wote mle ndani, yeye peke yake ndiye asingeweza kudondosha unywele ule hata angetaka, kwa sababu hakuwa na hata mmoja kichwani. Na hakuna aliyeogopa kuvua kofia kuliko yeye.

Niseme kwanza wifi yangu ni nani, maana nikiwaachia wengine wamweleze watamharibu. Ni mke wa kaka yangu. Kiwandani anaitwa Mama Hamira, kwa kuwa ndiye anayechanganya unga. Donge likigoma kuumuka huitwa yeye, hulibonyeza kwa kidole gumba, akaguna, akasema, "Liacheni lipumzike, mnaliharakisha kama mnafukuzwa." Ndiye aliyeniombea kazi ya kupakia mikate kwenye mifuko. Ana mdomo mtamu na mkono mzito: ukimtania anacheka, ukizidisha unapata kofi la mgongo.

Nywele zimemkimbia mara tatu.

Mara ya kwanza ilikuwa baada ya kujifungua mtoto wa pili. Msusi wake aliona doa nyuma ya sikio, la mviringo, laini kama shavu la mtoto. Haukupita muda doa likazaa madoa, kichwa kikabaki visiwa visiwa. Watu wakasema ni uzazi, yeye akakubali, nywele zikaota, habari ikaisha.

Mara ya pili ilikuwa mwaka aliofiwa na baba yake. Watu wakasema ni majonzi, akakubali tena. Safari hiyo zilianza kudondoka hapa hapa kazini. Msimamizi wetu, tunayemwita Kengele kwa jinsi anavyopiga kelele, aliziona kwenye aproni yake, akamwondoa kwenye unga na kumpeleka nyuma kuosha trei mpaka nywele ziliporudi. Hilo la trei alilivumilia. Kilichomkata maini ni kwamba wakati wa chai wenzetu waliacha kugusa kikombe chake, na yule mama mkata mikate akahamisha ndala zake mbali na za wifi, kana kwamba upara unatambaa sakafuni.

Mara ya tatu hapakuwa na kitu. Hakujifungua, hakufiwa, na kaka yangu hakumuudhi kupita kawaida ya waume. Ulikuwa mwaka wa raha. Asubuhi moja tu akaamka mto umejaa nywele, na baada ya hapo nyusi nazo zikafuata. Ndipo akili ilipoanza kumruka, maana safari hii hakuwa na wa kumtupia lawama.

Alitafuta. Jamani, alitafuta! Alibadili sabuni, akabadili mafuta, akachemsha mpaka maji ya kuoga. Alipimwa damu kuona kama ina upungufu, akapimwa tezi ya shingo. Majibu yote yakaja mazuri, naye akatoka hospitali na uso wa mtu aliyefeli mtihani. Jirani akasema ni kijicho. Mkwewe, yaani mama yangu mzazi, akasema ni mawazo, na kila aliposema "acha mawazo, mwanangu," wifi alipata mawazo mengine mapya. Mimi nikatania kwamba huenda hamira imempanda kichwani. Alicheka, kisha wiki nzima nikamwona ananawa mara mbili mbili kila akitoka kwenye unga.

Mwishowe daktari wa ngozi, mama mmoja mpole, alimweleza. Nilimsindikiza, kwa hiyo nilisikia kwa masikio yangu. Alisema mwili una askari wake wa kupigana na magonjwa, na kwa watu wengine askari hao hukosea, wakaziona nywele ni adui, wakazivamia. Haiambukizi. Si kitu alichokula wala alichopaka. Zinaweza kuota, zikiota zinaweza kuanguka tena, na hakuna wa kumwahidi lolote.

"Sasa sababu ni nini, daktari?" wifi akauliza.

"Kwa nini askari wanakosea, hilo hatujalijua vizuri."

Tulipotoka nje nilidhani amepumua, maana mimi nilikuwa nimepumua. Nikasema, kumbe wahenga walijua, kikulacho ki nguoni mwako. Akanigeukia kwa hasira ambayo sijaizoea kwake.

"Wifi, bora angesema nimekosa mimi! Ningejirekebisha. Haya, sasa nijirekebishe nini?"

Tangu siku ile alikiondoa kioo chumbani, akakisukumia nyuma ya kabati. Dawa ya kupaka aliyopewa ilipoisha hakurudi kuchukua nyingine. Kichwa alikiosha harakaharaka, kama sufuria ya kuazima. Nyusi alichorwa na kaka yangu kwa wanja kila asubuhi kabla ya kazi, na kaka yangu si mchoraji. Siku nyingine moja ilipanda juu, wifi akashinda kiwandani na uso wa mtu aliyesikia habari ya ajabu. Kichwani alifunga kitambaa cha pamba, akakikaza mpaka kikaacha alama kwenye paji la uso, na juu yake akavaa kofia ya wavu tunayovaa sote.

Basi kiwandani siri ilikuwa yetu wawili, yeye na mimi, naye akaniapisha.

"Wakijua watanirudisha kwenye trei," aliniambia. "Na zisipoota tena je? Nitakufa naosha trei?"

Najua wapo watakaosema mficha maradhi kifo humuumbua. Wanaosema hivyo waje wao wakaoshe trei peke yao huko nyuma, huku wenzao wanacheka kwenye chai, ndipo tuzungumze methali.

Ukaguzi ulianzia kwa mchomaji, mtu wa tanuri. Bosi alikuwa ameulaza unywele juu ya karatasi nyeupe, ameishika kwa mikono miwili kama amebeba yai bichi, na Kengele anamtangulia akiita watu. Mchomaji akavua kofia. Ana nywele za kukata kwa mashine, akapita. Mkata mikate akavua. Ana rasta nene, akapita huku anajitikisa kidogo ili tuzione. Kila aliyepita alianza kuongea kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Watu wakinusurika huwa hivyo.

Wifi akanisogelea mpaka bega likanigusa.

"Nitoke tu?" akanong'ona. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na nje gari la kusambaza mikate lilikuwa linaunguruma.

"Ukitoka umekubali kuwa ni wako."

"Na nikibaki?"

Nilitamani niugue ghafla, nianguke, watu wanikimbilie mimi. Lakini afya yangu ni ya punda.

Zamu yangu ikafika. Nikavua kofia. Nywele zangu ni za kipilipili na hazijawahi kuonja dawa. Kengele akazitazama, akasema, "Hizi zikiingia kwenye mkate, mteja atadhani tumeongeza viungo." Wakacheka wote. Mimi ningecheka siku nyingine.

"Mama Hamira, kofia."

Akavua kofia ya wavu. Kitambaa kikabaki.

"Na kitambaa," bosi akasema.

"Siwezi, bosi."

Kicheko kikakatika. Kengele akapiga paji lake kwa kiganja. "Bosi! Huyu ndiye yule aliyekuwa anapukutika. Mimi mwenyewe nilimtoa kwenye unga. Zimeanza tena, ndiyo maana anaficha!"

Mstari mzima ukageuka kumtazama. Niliwaona wanavyohesabu wenyewe vichwani mwao: anayepukutika ndiye anayekanda. Kesi imekwisha.

"Si wake!" nikaropoka.

"Umejuaje?" bosi akaniuliza.

Hapo nikakwama. Neno la kumwokoa nilikuwa nalo mdomoni, na ndilo neno nililoapa kutolitamka. Nikabaki nimeachama mbele ya watu wote, na bosi anasubiri. Kengele akatikisa kichwa kana kwamba amemwona mwizi na shahidi wake wa uongo.

"Unamtetea kwa kuwa ni wifi yako," akasema.

"Wifi, nyamaza," Mama Hamira akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyowaambia watoto wake wasogee, anataka kupita.

Akajipangusa mikono kwenye aproni, kwanza viganja, halafu vidole kimoja kimoja. Akapeleka mikono kisogoni. Fundo lilikuwa gumu. Hakuna aliyemsaidia, na nilijua hata mimi nisithubutu. Kitambaa kikaanguka sakafuni.

Kichwa chake kilikuwa kitupu chini ya taa ile nyeupe isiyomhurumia mtu. Mstari wa kitambaa ulionekana kwenye paji, mwekundu, na chini yake zile nyusi mbili za kaka yangu, moja juu, moja chini. Nilisikia hasira, nikatamani kumpokonya bosi ile karatasi niitafune.

"Linganisha, bosi," wifi akasema.

Bosi akaangalia karatasi, akaangalia kichwa, akaangalia tena karatasi. Kisha akaikunja na kuitia mfukoni.

Mkata mikate akarudi nyuma hatua moja. "Inaambukiza?"

"Nimekula na nyinyi sufuria moja tangu zilipoanguka," wifi akamjibu. "Jipapase."

Na yule mama, mbele yetu sote, akainua mkono akazipapasa rasta zake kweli. Mchomaji akageukia tanuri lake, mabega yanamcheza. Hakuna mwingine aliyecheka. Kengele alishafungua mdomo, na nilijua kabisa kitakachotoka ni trei.

"Daktari amesemaje?" bosi akawahi kuuliza.

"Haiambukizi. Ukitaka nitakupeleka, umuulize mwenyewe."

Sijui bosi alikuwa anafikiria wateja, au kichwa, au hasara. Alimtazama wifi kwa muda mrefu, naye wifi hakuinamisha uso hata kidogo. Alisimama wima kama siku ile alipokuja kuniombea kazi. Nyuma yake, kwenye beseni la mashine, donge la asubuhi lilikuwa limevimba na kuanza kumwagika ukingoni.

"Unga unaharibika," bosi akasema. "Rudi kwenye mashine yako."

Hakuomba radhi. Aliondoka tu, Kengele akamfuata, na ukaguzi ukaishia hapo hapo ingawa kulikuwa na watu hawajavua kofia. Unywele ule haujapata mwenyewe mpaka leo. Wenzetu wakarudi kwenye kazi zao wakitembea kwa adabu, kama watu waliotoka msibani, na nikajua kazi ya wifi imepona.

Niliokota kitambaa, nikakikung'uta, nikasimama nyuma yake nimfunge. Yeye mwenyewe alikuwa anapumua taratibu, macho makavu. Nikaona unga umemganda kisogoni, juu kidogo ya shingo. Nikaupangusa kwa kidole. Haukutoka. Nikalowesha kidole kwa mate, nikapangusa tena, haukutoka. Nikamgeuza kwenye mwanga wa dirisha, nikasogeza uso karibu. Vilikuwa vinywele vyeupe, vifupi, laini, vimesambaa kuanzia shingoni mpaka nyuma ya masikio.

"Wifi," nikasema, "zinaota."

Alinikamata mkono kwa nguvu mpaka nikasikia maumivu. "Usiniambie."

"Kweli tena. Gusa hapa."

"Nimesema usiniambie!"

Mtu aliyesimama kichwa wazi mbele ya kiwanda kizima bila kudondosha chozi, sasa akashindwa kujizuia. Akakaa juu ya gunia la unga, akajifunika uso kwa aproni na kulia kwa sauti, mpaka mchomaji akaacha kazi yake. Wote walidhani ni ile aibu imemfikia sasa. Mkata mikate akaja, safari hii akamshika bega, akaanza kusema pole, dada, pole. Mimi nikachuchumaa mbele yake. Nikamwambia hii ni habari njema, kaka atafurahi, twende nyumbani jioni tukamwonyeshe.

Akatoa uso kwenye aproni. Nyusi zote mbili zilikuwa zimefutika.

"Nilikuwa nimeshazizika, wifi," akasema. "Sasa nitaanza tena kuogopa."