Maua Waliyomchemshia Edina

Mdogo wangu Edina aliuawa na mmea uleule uliokuwa unamponya.

Sitanii. Tulieni niwaeleze, maana kila nikikumbuka napandwa na hasira upya.

Mimi naitwa Jastin, fundi pikipiki hapa Mbinga mjini. Nyumbani ni kule chini ziwani, jirani na Mbamba Bay. Wazazi wetu walishatangulia, kwa hiyo mkubwa wa ukoo ni baba mdogo Ignatio. Akisema yeye, imepita hiyo.

Mwaka juzi Edina alitokwa na uvimbe shingoni. Tukapewa rufaa hospitali kubwa, wakapima, wakasema saratani ya tezi. Ila hii inatibika, wakasema, asikose tu tarehe za dripu.

Dripu ya kwanza iliondoka na nywele zote. Baada ya ya pili uvimbe ukasinyaa, binti akaanza kula ugali na dagaa wa usipa na kugombana na mimi kama zamani. Nikasema Mungu mkubwa.

Baba mdogo hakuridhika. Alimwambia daktari kabisa kwamba wanamjaza mtoto kemikali za viwandani. Daktari, kijana mstaarabu tu, akataka kumtuliza mzee. Akamwonyesha picha kwenye simu.

"Mzee, moja ya dawa tunazompa asili yake ni haya maua."

Yalikuwa yale maua madogo ya pinki yanayoota makaburini na mbele ya nyumba zetu. Hata mbuzi wanayapita.

Baba mdogo aliitazama ile picha muda mrefu. Nikajua ameelewa.

Kumbe ameelewa kupita kiasi.

Tarehe ya dripu ya tatu ilipokaribia, akaitisha kikao cha ukoo. Kwetu mgonjwa haamui matibabu yake. Wakubwa wanakaa, wanakata shauri, yeye anaambiwa. Mimi sikuitwa. Hoja ya mzee ilikuwa moja: kama dawa ni maua hayo, na maua yamejaa uani, mtoto anahangaishwa na safari za nini? Wote wakaona mzee kaongea point.

Wakayang'oa na mizizi, wakachemsha. Edina akawa anakunywa kikombe asubuhi, kikombe jioni. Nikipiga simu naambiwa anaendelea vizuri, hospitali wamemsogezea tarehe.

Siku moja akanipigia mwenyewe kwa simu ya jirani.

"Kaka, vidole vyangu sivisikii. Njoo unichukue."

Nilishuka na pikipiki siku hiyohiyo. Nikamkuta anatapika, macho ya njano, uvimbe umerudi mkubwa kuliko mwanzo. Baba mdogo akanieleza kwa utulivu kwamba kutapika ndiyo ugonjwa unatoka. Nilimtukana mbele za watu, hata shikamoo sikutoa, na sijutii.

Tukamkimbiza hospitali. Daktari aliposikia alichokuwa anakunywa, alishika kichwa. Akanieleza kuwa lundo zima la majani hutoa dawa kiduchu. Hiyo hutenganishwa na sumu nyingine zilizomo, hupimwa kulingana na mwili wa mgonjwa, ndipo inaingizwa kwenye mshipa. Sufuria haitenganishi kitu. Mdogo wangu alikosa tiba akabaki na sumu.

Edina hakurudi nyumbani akiwa hai. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, na alikuwa anapona.

Msibani baba mdogo alisema ni mapenzi ya Mungu. Watu wakaitikia amina.

Sasa sikieni hii.

Mwaka huu mzee kaja gereji kwangu, kakonda. Akanivuta pembeni, akasema ameota uvimbe kwapani, anaomba nimsindikize hospitali. Nikamuuliza kama maua ya uani yameisha.

Akainamisha kichwa.

"Mwanangu, huu ni mwili wangu. Siwezi kubahatisha."

Nilimpeleka. Dripu zake anapata kwa tarehe, hajakosa hata moja, na uvimbe unapungua. Mimi ndiye ninayekaa naye kwenye benchi, namtazama anavyopona, na roho inaniuma.

Ndugu zangu, sibezi miti. Dawa ya Edina ilitoka kwenye mmea kweli. Ninachowaambia ni kimoja: kabla hujamchemshia mgonjwa kitu, jiulize: ningeumwa mimi hivyohivyo, ningekinywa?. Kama usingekinywa, mwache apande gari aende hospitali.