Bonasi ya Mashine

Juzi, katika kikao cha kutoa maoni kuhusu kuhalalisha mashine za kamari, mchungaji alisema kwamba anayezicheza huwaibia watoto wake chakula. Mwenye duka mmoja akamjibu, "Pasta, kwani mimi humvuta mtu mkono?" Watu walicheka. Nilikuwa nimeandaa hoja tatu, lakini kipaza sauti kiliponifikia nilikumbuka alasiri moja tu, nikakipitisha kwa aliyeketi kando yangu.

Nilikuwa mtoto, na mama alikuwa amenituma sokoni Kiptere kununua chumvi. Nyuma ya duka, palipokuwa na harufu ya mafuta ya taa, nilimkuta baba akiingiza sarafu katika mashine iliyotoa wimbo mfupi kila alipobonyeza. Vidole vyake vilikuwa bado vyeusi kwa utomvu wa majani ya chai.

"Baba, hii inalipa lini?" nilimuuliza.

"Karibu, mama. Imekula sana."

Nilielewa papo hapo, au nilidhani nimeelewa. Majani yetu ya chai pia tuliyapeleka kituo cha kuyanunua mwaka mzima kwa malipo madogo, kisha bonasi ya mwisho wa mwaka ikaja. Machoni pangu, baba alikuwa akipeleka tu, kwa subira ya mkulima. Sasa najua kwamba mashine haikumbuki aliyeilisha. Siku ile nilikifungua kiganja changu nikampa sarafu ya chumvi, ili bonasi yetu iwe kubwa zaidi. Aliiangalia kwa muda mrefu, kisha akaichukua bila kunitazama.